Kioo cha kompyuta kimefifia baada ya safari: la kufanya kabla ya kumpelekea fundi

Tangu shule ifunguliwe, ile meza ya pembeni tunapowekea chupa za chai imegeuka karakana. Kila Jumamosi inaletwa kompyuta moja au mbili zenye lalamiko lilelile: ilikwenda nyumbani nzima, imerudi kioo kimefifia hadi mtu anasoma kwa kukunja uso. Moja ilikuwa Unguja, nyingine Mombasa, nyingine ilipitia Muscat kwa shangazi kabla ya kurudi hapa Uingereza. Wenyewe wengi walikuwa wameshajiandaa kununua kioo kipya, na mama mmoja alikuwa ameshaambiwa dukani kwamba haina maana kuitengeneza, anunue nyingine.

Jambo hili lisingefika kwenye jarida kama si kazi ya likizo. Watoto wa madarasa ya juu walitumwa wawarekodi babu na bibi zao wakisimulia maisha ya utotoni, na wengi wameifanya kazi hiyo vizuri kuliko tulivyotegemea. Rekodi zilitolewa kwenye simu zikatiwa kwenye laptopu, kisha simu zikafutwa ili zipate nafasi ya picha za harusi. Kwa hiyo leo sauti ya bibi wa miaka themanini na ushei imo ndani ya mashine moja tu, na mashine yenyewe haionekani vizuri. Mtu akiitupa, au akikubali ifutwe yote ili "ianze upya," kioo huenda kikapona, lakini ile sauti haitarudi.

Ninachotaka kuwaambia ni kifupi. Kompyuta iliyofifia kioo, mara nyingi mno ni nzima ndani. Na katika zile zinazofifia baada ya safari, nyingi hazikuumia hata hicho kioo: zimeamrishwa zipunguze mwanga, nazo zinatii. Kazi yetu ni kutenganisha iliyoamrishwa na iliyoumia, na hilo linawezekana nyumbani, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, bila kushika bisibisi.

Taa iliyo nyuma ya kanga

Kioo cha laptopu nyingi hakitoi mwanga chenyewe. Mbele pana tabaka la fuwele za kimiminika lililogawanywa katika nukta ndogo sana. Kioo cha kawaida cha nukta 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta ina vijidirisha vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Vijidirisha hivyo hufunguka na kufumba, vikipitisha mwanga au kuuzuia. Mwanga wenyewe unatoka nyuma. Zamani ulitoka kwenye mrija mwembamba wa taa ya flurosenti, ndugu wa zile taa ndefu za dukani. Tangu miaka ya 2010 karibu kompyuta zote zina mstari wa taa ndogo za LED uliopangwa kwenye ukingo wa kioo, mara nyingi ukingo wa chini, pamoja na bamba linalousambaza mwanga huo kioo kizima.

Fikiri umetundika kanga dirishani usiku, na nyuma yake umewasha taa. Mji, pindo na jina vyote vinasomeka. Punguza taa, jina linafifia. Izime kabisa, jina halisomeki tena, lakini kanga haikwenda popote na jina halikufutika. Ndivyo kilivyo kioo cha kompyuta: picha ni jambo moja, taa inayoiangazia ni jambo jingine, na kazi za mtoto ziko mbali na vyote viwili, kwenye diski iliyo chini ya kibodi. (Kompyuta chache za bei ya juu zina kioo cha OLED, ambacho kila nukta yake huwaka yenyewe. Hizo hazina taa ya nyuma, na kipimo cha tochi nitakachokieleza mbele hakizihusu.)

Kabla hujabonyeza chochote, muulize mwenye kompyuta nini hasa kimetokea, na usikubali akujibu "imeharibika" akanyamaza. Hapa Kiswahili chetu kina msaada. Kioo kilichofifia kimepungua nuru, lakini bado kinasomeka; hicho mara nyingi kimeamrishwa. Kilichozimika kimekuwa cheusi ghafla, na hapo tunaanza kuifikiria taa au waya. Kinachopepesa, yaani kinawaka na kufifia kama jicho lililoingia vumbi, hasa ukigusa mfuniko, kina waya uliochoka. Na kilichogeuka manjano hakikufifia hata kidogo. Kimebadilishwa rangi kwa makusudi. Watoto wetu wana neno moja tu la hali zote hizi, tena la Kiingereza. Mtoto akijifunza kuzitaja kwa majina yake, nusu ya kazi ya fundi imekwisha.

Iangalie inapoamka

Kipimo cha kwanza ni hiki. Izime kompyuta kabisa, si kuilaza. Chomeka chaja, kisha iwashe huku ukiangalia ile nembo ya kampuni inayotokea kabla ya Windows. Wakati huo mipangilio ya Windows haijaanza kufanya kazi. Nembo ikiwaka vizuri halafu kioo kikafifia Windows ilipoingia, taa yako ni nzima na tatizo liko kwenye maagizo. Nembo nayo ikiwa hafifu, jaribu kitufe cha kuongeza mwangaza hapohapo, maana ziko kompyuta zinazokumbuka kiwango cha mwisho hata kabla Windows haijaamka. Isipobadilika, tuanze kushuku kifaa chenyewe.

Vitufe vya mwangaza viko kwenye mstari wa juu wa kibodi na vina alama ya jua, dogo la kupunguza na kubwa la kuongeza. Kwenye kompyuta za Mac na Chromebook unabonyeza tu. Kwenye nyingi za Windows inabidi ushike kitufe cha Fn kwanza. Msicheke: sababu inayoongoza kwa kompyuta zilizotoka safari ni hii. Ndege ya usiku, taa zimezimwa, abiria wa jirani analala, mtoto anapunguza mwanga ili aendelee na filamu yake. Wakifika asubuhi hakuna anayekumbuka. Au vitufe hivyo vilibonyezwa na kidole cha binamu wa miaka mitatu, ambaye hatoi taarifa.

Ikiwa vitufe havisikii, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi A. Pembeni utafunguka ukurasa mdogo wenye ufito wa mwangaza, nao una alama ileile ya jua. Usogeze. Hapohapo tazama kama kile kidude cha kubana matumizi ya betri kimewashwa. Kwa kawaida Windows hukiwasha yenyewe betri inapopungua, na moja ya kazi zake ni kupunguza mwanga wa kioo. Msafiri aliyekaa uwanjani saa sita akisubiri ndege ya kuunganisha hukiwasha kwa mkono wake, na kufanya hivyo ni busara. Shida ni kwamba matoleo mapya ya Windows 11 huruhusu kidude hiki kibaki kimewashwa hata kompyuta ikiwa kwenye umeme. Safari imekwisha, wao wamelala kitandani kwao, mashine bado iko uwanja wa ndege.

Jua la Unguja na mawingu ya hapa

Kompyuta nyingi, na Mac zote za miaka ya karibuni, zina kihisi kidogo karibu na kamera kinachopima mwanga wa chumba na kurekebisha kioo. Penye mwanga mkali huongeza, gizani hupunguza. Jua la mchana hufikia luksi 100,000, ilhali darasa letu, taa zote zikiwa zimewaka, linapata 300 hadi 500. Mtu aliyefanya kazi barazani wiki sita akirudi kwenye sebule ya hapa mwezi wa tisa, kihisi kinapunguza mwanga kama kilivyofundishwa. Mwenyewe, ambaye macho yake bado yako pwani, anaona kioo kimekufa.

Kihisi hiki hudanganyika kwa urahisi. Wazazi wengi wamebandika karatasi au plastiki juu ya kamera, na nawapongeza, lakini karatasi ikiwa pana inakifunika na kihisi pia, na kompyuta inaamini iko gizani daima. Vumbi na mafuta ya vidole hufanya hivyohivyo. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, kata karatasi iwe ndogo, kisha ingia kwenye mipangilio ya kioo uzime marekebisho ya mwanga ya kujiendesha. Kwenye Mac kuna agizo jingine la kuangalia, kwenye mipangilio ya betri: la kupunguza mwanga kidogo chaja inapochomolewa.

Kioo cha manjano kina hadithi yake, na hii naipenda kwa sababu inahusu saa zetu. Kompyuta nyingi zina mwanga wa usiku, unaopunguza rangi ya buluu jioni ili macho yapumzike. Kama umeupangia uanze saa kumi na mbili na nusu jioni, saa za nyumbani, na saa ya kompyuta bado iko Afrika Mashariki, basi hapa Uingereza majira ya kiangazi utaanza saa kumi na nusu alasiri, jua likiwa bado kali. Tukishabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, pengo linakuwa saa tatu, na utaanza saa tisa na nusu, watoto wakiwa ndiyo kwanza wanatoka shule. Tazama saa iliyo pembeni mwa kioo. Ikiwa inasema ni magharibi na wewe hujasali hata alasiri, dawa umeipata: badilisha eneo la saa.

Nitataja miwani ya jua haraka. Ile inayochuja mng'aro wa maji, wanayoipenda wavuvi na madereva, huufanya mwanga wa kioo cha kompyuta utoweke ukiinamisha kichwa upande mmoja. Ivue kwanza.

Chaja ya mjomba

Wengi hulaumu umeme wa nyumbani, kwamba "voltiji ni nyingine." Geuza chaja usome maandishi madogo. Karibu chaja zote za laptopu zimeandikwa 100–240V, 50–60Hz, maana yake zinakubali umeme wa Uingereza na Tanzania wa volti 230, wa Kenya na Oman wa 240, na wa Marekani wa 120. Hata plagi ya pini tatu bapa ya hapa inaingia Nairobi na Muscat bila adapta. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni jambo jingine. Huo unaweza kuumiza chaja, na ndiyo maana nyumbani watu huchomeka vitu kwenye kifaa cha kulinda umeme.

Hatari iliyo karibu zaidi ni chaja ya kuazima. Siku hizi kompyuta nyingi zinatumia tundu la USB-C, sawa na simu, basi chaja ikisahaulika hotelini mtu anachukua ya simu ya mjomba na inaingia vizuri. Lakini laptopu ya kawaida inahitaji wati 45 au 65, na chaja za simu nyingi hutoa 20 hivi. Kompyuta ama inaikataa kabisa, ama inakunywa kidogokidogo huku ikiishiwa. Mwenyewe anaona waya umechomekwa, kumbe mashine inajiona iko kwenye betri na inabana kila kitu, mwanga ukiwa wa kwanza. Tafuta alama ya plagi kwenye picha ya betri. Kama haipo, kabla ya kushuku kioo tafuta chaja yake yenyewe.

Liko na la programu. Kompyuta iliyokaa wiki nyingi bila intaneti ya kueleweka, siku inaporudi kwenye Wi-Fi ya nyumbani inashusha masasisho yote kwa pamoja. Likikatika katikati, ile programu inayoongoza picha inaweza kuharibika, Windows ikaanza kutumia ya akiba, ambayo haijui kurekebisha mwanga. Dalili yake ni kwamba ufito wa mwangaza umetoweka au unasogea bila kioo kubadilika. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja; kioo kitaruka kidogo, hiyo ni programu ya picha inajianzisha upya, na kazi zako hazidhuriki. Isiposaidia, ruhusu masasisho yaishe mpaka mwisho, kisha uizime na kuiwasha tena.

Ikiwa ni kifaa

Sasa tuseme nembo ilikuwa hafifu tangu mwanzo, vitufe havisaidii, na chaja ni yake. Hapa ndipo begi la safari linapoingia. Tunajuana: begi la mkononi lina karafuu, iliki, chupa ya asali iliyozungushiwa kanga tatu, kitabu cha shule na laptopu katikati. Mfuniko ukibanwa namna hiyo unaacha madoa meupe, kona nyeusi au ufa, na hayo hayaondoki kwa mpangilio wowote. Ukiyaona, kioo kimeumia.

Kinachoumia zaidi bila kuonekana ni waya. Picha na umeme wa taa hupanda kutoka kwenye mwili wa kompyuta hadi kwenye kioo kwa waya mwembamba uliopita kwenye bawaba, na waya huo hupinda kila mfuniko unapofunguliwa. Si kompyuta za bei rahisi tu. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilifungua mpango wa kutengeneza bure taa za vioo vya MacBook Pro za inchi 13 za mwaka 2016, na kwenye mashine hizo dalili ilikuwa taa kuwaka kwa vipande sehemu ya chini kama jukwaa la taarabu. Kwa hiyo fungua na funga mfuniko polepole ukitazama. Mwanga ukirudi kwenye pembe fulani na kutoweka kwenye nyingine, ni waya. Wakati mwingine umelegea tu kwenye soketi yake, na fundi anaurudisha kwa dakika chache.

Unyevu nao una sehemu yake. Kompyuta iliyopozwa na kiyoyozi usiku kucha ikitolewa nje kwenye joto la mvuke la pwani, hufanya umande ndani na nje, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hapa kwetu mambo hugeuka wakati wa baridi: inalala kwenye gari, inaingizwa kwenye chumba chenye moto. Iache ndani ya begi lake, imezimwa, saa kadhaa izoee hewa ndipo uiwashe. Msiitie kwenye gunia la mchele. Mchele haufyonzi unyevu ulio ndani ya mashine, unaacha unga kwenye matundu yake, na ulinunuliwa kwa ajili ya pilau.

Kisha kuna kipimo cha tochi. Ingia chumba chenye giza, washa kompyuta, ngoja dakika mbili, halafu mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande, karibu kabisa, ukiisogeza taratibu. Ukiona kivuli cha picha, alama za mafaili au sanduku la neno la siri, basi kanga iko dirishani na taa ndiyo iliyozimika. Kompyuta inafanya kazi kama kawaida. Usipoona kitu hata kwa tochi, huenda picha yenyewe haifiki kwenye kioo, lakini hata hapo usikate tamaa kabla ya kipimo cha televisheni.

Chukua waya wa HDMI, unganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, chagua kwenye televisheni tundu ulilochomeka. Picha isipotokea yenyewe, shika kitufe cha Windows ubonyeze P mara moja, kisha ubonyeze P tena, ngoja kidogo, na Enter, ukirudia hadi itokee. Kompyuta zisizo na tundu la HDMI zinahitaji adapta ndogo ya USB-C. Picha ikitokea kwenye televisheni, usiguse jambo jingine lolote: chomeka flashi na unakili rekodi, picha na kazi za shule kwanza. Kioo kitasubiri.

Hivi ndivyo tulivyofanya na kompyuta ya yule mama aliyeambiwa anunue nyingine. Tuliiunganisha na projekta ya darasani, na faili zote za binti yake zilikuwapo, pamoja na bibi akicheka katikati ya kisa cha mbuzi. Baada ya kuzinakili tuliizima, tukaiwasha tukitazama nembo, nayo ikang'aa kama mpya. Halafu Windows ikaingia na giza likashuka. Ilikuwa imebanwa matumizi tangu uwanja wa ndege, na mwangaza umeshushwa hadi mwisho. Hakulipa hata senti.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mweleze ulichoona, si unachodhani: nembo ilikuwaje, tochi ilionyesha nini, televisheni ilionyesha nini, mfuniko ukisogezwa kunatokea nini. Muulize bei ya waya na bei ya kioo kizima mbalimbali, maana kati yake pana tofauti kubwa, na maduka mengi ya hapa hutaja kioo kizima kwanza kwa sababu ni kazi ya haraka kwao. Kwa maoni yangu, ukiwa bado uko nyumbani na tatizo limeonekana kabla ya safari ya kurudi, mpelekee fundi wa kulekule. Mafundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue wamezoea kufungua, kutafuta waya na kubadilisha kipande kilichoungua badala ya kutupa mashine. Popote utakapokwenda, mwambie wazi, na iandikwe kwenye risiti, kwamba hakuna ruhusa ya kufuta chochote. Kutengeneza taa ya kioo hakuhitaji kufuta diski.

Mambo mawili ya sheria kwa sisi tulioko hapa. Ikiwa kompyuta ilikuwa kwenye mzigo uliokabidhiwa shirika la ndege na imerudi imevunjika, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakutaka ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea mzigo. Siku ya nane umechelewa. Iliyokuwa begani mwako ni shida zaidi kudai, inabidi kosa liwe lao. Lakini bado ni afadhali kuibeba mkononi, kwa sababu mabegi ya chini hutupwa, na betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo huo. Na ikiwa uliinunua karibuni kwenye duka la hapa na haikuanguka wala kubanwa, Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inakupa siku 30 za kuirudisha yenye kasoro na kurejeshewa fedha zote. Kasoro ikitokea ndani ya miezi 6, muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haikuwepo ulipoinunua.

Neno la pembeni kwa wanafunzi wa darasa la kati, mlioniuliza kompyuta hii inaitwaje kwa Kiswahili. Wako wanaosema laptopu, na vitabuni mtakuta kompyuta mpakato au kipakatalishi. Yote mawili ya vitabuni yametoka kwenye kupakata, vile mama anavyomweka mtoto mapajani. Mkiifungia safari mwakani, ifungeni hivyo.

Jumamosi hii na ijayo meza ya pembeni itakuwa wazi kuanzia saa nne hadi saa sita, watoto wakiwa darasani. Njooni na kompyuta, chaja yake yenyewe na flashi yenye nafasi. Waya wa HDMI na adapta vipo kabatini. Rekodi za kazi ya likizo tunazinakili kwanza, hata kama kioo kinasomeka, na walimu wanazihitaji zote kabla ya mapumziko ya Oktoba. Chai ipo, ila vikombe vikae meza nyingine.